Ajali Moja, Kesi Tatu: Kazi ya Wakili katika Jinai, Jeshi na Madai

Tuanze somo hili kwa mfano. Ni Jumapili jioni. Mwanajeshi aliyekuja nyumbani likizo anaendesha gari lake mwenyewe kutoka sokoni. Karibu na kona anajaribu kulipita gari lililo mbele yake mahali pasiporuhusiwa, na anamgonga mhudumu wa bodaboda anayetoka upande wa pili. Kijana wa bodaboda anavunjika mguu na pikipiki yake inaharibika kabisa. Polisi wanafika na kumkamata dereva. Wanapomhoji kituoni, inabainika kwamba likizo yake ilikwisha siku nne zilizopita na hakurudi kambini.

Jirani akisimulia habari hii atasema kuna kesi moja: kesi ya ajali. Kisheria kuna kesi tatu. Ya kwanza ni ya jinai, kati ya Jamhuri na dereva. Ya pili ni ya kijeshi, kati ya jeshi na askari wake. Ya tatu ni ya madai, kati ya kijana wa bodaboda na aliyemgonga. Kila moja ina mahakama yake, kanuni zake na muda wake. Mtu asipozitofautisha anaweza kupoteza haki yake hata kama kila mtu kijijini anajua kwamba alidhulumiwa.

Somo hili linaeleza wakili anafanya nini katika kila moja ya kesi hizo, kijana wetu anawezaje kuingia katika taaluma hiyo, na mwananchi atafute nini anapomhitaji wakili.

WAKILI NI NANI?

Huko Uingereza mawakili wamegawanyika katika makundi mawili tangu zamani. Solisita hukutana na mteja, huandaa hati na kushughulikia mambo ya ofisini. Barista husimama mahakamani kutetea kesi, hasa katika mahakama za juu. Barista wote hupokewa katika taaluma kupitia moja ya vyama vinne vya kale vilivyoko London: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple.

Mawakili wa kwanza wa Kenya walisomea huko. Mmoja wao ni C. M. G. Argwings-Kodhek, aliyerudi nyumbani katika miaka ya 1950 na kuwatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa na hatari kubwa. Barabara moja ya Nairobi ina jina lake hadi leo. Katika kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 hadi 1953, Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na kundi la mawakili lililoongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akisaidiwa na mawakili wa hapa nchini kama vile A. R. Kapila na Fitz de Souza. Walipatikana na hatia na kufungwa. Hata hivyo, utetezi wao ulihakikisha kwamba ushahidi wa serikali ya kikoloni unahojiwa hadharani na kuandikwa katika kumbukumbu.

Kenya haina mgawanyiko huo wa Uingereza. Wakili wetu ni mmoja: Wakili wa Mahakama Kuu ya Kenya. Asubuhi anaweza kumtetea mshtakiwa wa wizi, mchana akaandika mkataba wa kuuza shamba, na kesho yake akaenda kambini kumtetea askari. Ndiyo maana mfano wetu wa kesi tatu unaweza kuwa kazi ya kila siku ya ofisi ndogo ya wakili mjini kwetu. Jambo moja tu haliwezekani: wakili huyo hawezi kumtetea dereva na wakati huohuo kumdaia kijana wa bodaboda. Hawezi kutumikia pande mbili zinazogongana.

KESI YA KWANZA: JINAI

Katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri. Mashtaka huendeshwa na Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo chini ya Kifungu cha 157 cha Katiba haipokei amri kutoka kwa mtu yeyote. Kijana wa bodaboda hapa ni shahidi. Hawezi "kuiondoa kesi" kwa hiari yake peke yake, hata kama wazee wamekaa na kupatanisha.

Kazi ya wakili wa utetezi huanza kituoni. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaisha nje ya muda wa kazi. Ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuilia.

Hatua inayofuata, ambayo huwaponza watu wengi, ni kujibu shtaka. Mshtakiwa asiye na wakili huambiwa na wenzake rumande, "Kubali tu, utapigwa faini urudi nyumbani." Akikubali bila kuelewa, amefunga mlango. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, aliyekiri kosa mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa kupinga kupatikana kwake na hatia. Anachoweza kupinga ni uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Kwa sababu hiyo, wakili mwangalifu humwuliza mteja wake maswali mengi kabla ya siku hiyo: Ulikuwa upande gani wa barabara? Nani aliona? Breki zilikuwaje? Ulisema nini kwa polisi?

Kesi ikisikilizwa, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na ni lazima uthibitishwe pasipo shaka yoyote ya maana. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana hatia. Wakili huwahoji mashahidi wa mashtaka ili kuona kama maneno yao yanasimama. Upande wa mashtaka ukimaliza, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Ikiwa anayo, mshtakiwa anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza. Kumshauri mteja achague ipi kati ya njia hizo ni miongoni mwa maamuzi magumu zaidi ya wakili.

Watu huuliza: wakili anawezaje kumtetea mtu aliyekosa? Jibu ni kwamba wakili hatoi hukumu. Hukumu ni ya mahakama. Wakili huhakikisha kwamba hukumu hiyo inatokana na ushahidi halali, wala si uvumi au hasira. Haruhusiwi kusema uongo mahakamani wala kuleta shahidi wa kununuliwa. Lakini pia haruhusiwi kutoa siri alizoambiwa na mteja wake kuhusu kesi hiyo.

Asiyeridhika na hukumu ya hakimu ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Zihesabu tangu siku ya uamuzi, si tangu siku utakapopata pesa za wakili.

KESI YA PILI: JESHI

Dereva wetu pia ni askari, na likizo yake ilikuwa imekwisha. Hilo ni kosa jingine kabisa, chini ya Sheria ya Vikosi vya Ulinzi vya Kenya ya mwaka 2012. Kosa la kutokuwepo kazini bila ruhusa haliwahusu raia. Mwalimu akichelewa kurudi kutoka likizo anaweza kuadhibiwa na mwajiri, lakini hashtakiwi mahakamani. Askari hushtakiwa, kwa sababu jeshi haliwezi kufanya kazi ikiwa kila mtu anarudi anapotaka.

Hapa wakili hutazama neno moja: nia. Askari aliyechelewa siku nne kwa sababu ya msiba, akiwa na nia ya kurudi, hayuko sawa na askari aliyetoroka akiwa na nia ya kutorudi tena. Kosa la kutoroka jeshi ni zito zaidi. Barua, ujumbe wa simu kwa mkuu wake, au tiketi ya basi aliyokwisha kununua vinaweza kuonyesha nia yake ilikuwa ipi.

Makosa mengine ya kijeshi ni pamoja na kukaidi amri halali, kumshambulia mkubwa wa cheo na, zito kuliko mengi, uasi. Makosa madogo huweza kumalizwa na afisa kamanda ndani ya kikosi. Yaliyo mazito hupelekwa Mahakama ya Kijeshi.

Mahakama ya Kijeshi imetajwa katika Kifungu cha 169 cha Katiba miongoni mwa mahakama za chini, pamoja na mahakama za mahakimu na za kadhi. Hata hivyo haikai mwaka mzima mahali pamoja. Huitishwa kwa ajili ya kesi. Anayeiongoza ni mwanasheria aliyeteuliwa na Jaji Mkuu: hakimu au wakili mwenye tajriba ya miaka isiyopungua 10. Pamoja naye huketi wajumbe kutoka jeshini, wasiopungua 5 ikiwa mshtakiwa ni afisa, na wasiopungua 3 ikiwa ni askari wa vyeo vya chini.

Je, askari ana haki sawa na raia? Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi, kama vile faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, na hata baadhi ya haki za aliyekamatwa. Lakini Kifungu cha 25 kinasema haki ya kesi yenye usawa haiwezi kupunguzwa kwa mtu yeyote. Kwa hiyo askari ana haki ya wakili wa chaguo lake, ya kujua ushahidi dhidi yake, na ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Akihukumiwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

Haki hizo hazikuja bure. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, wanajeshi wengi wa kikosi cha anga walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu iliamuru baadhi ya waliozuiliwa na kuteswa wakati huo walipwe fidia. Wakili anayesimama mbele ya wajumbe waliovaa sare anajua kwamba mteja wake anahukumiwa na watu wanaomzidi cheo. Ni lazima awe na adabu, na ni lazima awe na ujasiri.

KESI YA TATU: MADAI

Sasa tumrudie kijana wa bodaboda. Hata dereva akifungwa au akitozwa faini, faini huenda serikalini. Haimlipii hospitali wala pikipiki. Ili alipwe, ni lazima afungue kesi ya madai, na hapa ndipo wananchi wengi hupoteza.

Wanapoteza kwa sababu ya kusubiri. Kijana husema, "Ngoja kesi ya polisi iishe kwanza." Kesi ya polisi inaahirishwa, hakimu anahamishwa, shahidi hapatikani. Miaka inapita. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Kudai, kesi ya kuumizwa kwa uzembe ni lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu tukio. Siku moja baada ya hapo ni kuchelewa, na ombi la kuongezewa muda hukubaliwa kwa masharti magumu. Hakuna sheria inayomlazimisha kusubiri kesi ya jinai. Kesi mbili zinaweza kwenda pamoja. Hukumu ya mwisho ya jinai ikipatikana mapema inamsaidia, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inaichukulia kama uthibitisho kwamba dereva alitenda kosa hilo. Lakini kuingoja si sharti.

Muda hutofautiana kulingana na aina ya dai, na ni vyema kila familia iujue:

• Kuumizwa au kuharibiwa mali kwa uzembe: miaka 3.
• Kuvunjwa kwa mkataba wa kawaida: miaka 6.
• Kudai ardhi: miaka 12.
• Kuumizwa kwa uzembe wa Serikali au watumishi wake: miezi 12 tu.

Tazama hilo la mwisho. Dereva wetu alikuwa katika gari lake mwenyewe, kwa hiyo kijana ana miaka 3. Kama angekuwa kazini akiendesha lori la jeshi, anayeshtakiwa angekuwa Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya Serikali, na kijana angekuwa na miezi 12 peke yake. Ajali ni ileile na mguu ni uleule, lakini muda ni tofauti. Wakili akiuliza mapema, "Gari lilikuwa la nani na alikuwa safari gani?" ana sababu.

Kiwango cha kuthibitisha pia ni tofauti. Katika madai haihitajiki kuthibitisha pasipo shaka. Inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa zaidi kuliko ya upande wa pili. Ndiyo sababu mtu anaweza kuachiliwa katika kesi ya jinai kisha akaamriwa kulipa katika kesi ya madai.

Lakini mahakama haikisii hasara. Gharama za hospitali, dawa na pikipiki ni lazima zitajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa kwa stakabadhi. Kwa hiyo siku ya ajali, baada ya matibabu, familia ichukue nambari ya OB, ripoti ya polisi kuhusu ajali na fomu ya P3 iliyojazwa na daktari, na iweke kila risiti katika bahasha moja. Wakili hodari asiye na karatasi hushindwa na wakili wa kawaida aliye nazo.

Si kila dai linahitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kama vile deni la bidhaa au huduma. Mwananchi anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Pia Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza usuluhishi na upatanisho. Wakili mwema atakuambia mapema ikiwa kesi yako inafaa kumalizwa mezani.

JINSI YA KUWA WAKILI

Vijana wa shule zetu wanaotamani kazi hii wajue njia yenyewe. Kusomea shahada ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari kumehitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili kinahesabika. Shahada huchukua miaka 4. Kisha mwanafunzi hujiunga na Kenya School of Law jijini Nairobi, ambako husoma masomo 9, yakiwemo mwenendo wa kesi za jinai, mwenendo wa kesi za madai, mirathi, uandishi wa hati za ardhi na maadili ya taaluma. Mitihani husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Hufuata miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Mwisho huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuandikwa katika Orodha ya Mawakili. Kila mwaka ni lazima apate upya cheti cha kufanya kazi.

Anayependa upande wa jeshi anaweza, akishakuwa mwanasheria, kuomba nafasi ya afisa mtaalamu wakati Vikosi vya Ulinzi vinapotangaza. Hupitia mafunzo ya kijeshi kama maafisa wengine, kisha hutumikia akiwa na cheo na sare. Wengine huwa waendesha mashtaka wa umma, mahakimu, au mawakili wa serikali za kaunti, ambazo afisi zao za sheria zinaongozwa na Sheria ya Afisi ya Wakili wa Kaunti ya mwaka 2020. Baada ya miaka 10 ya tajriba, mwanasheria anaweza kuomba kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kwa Mahakama ya Juu ni miaka 15.

UKIMTAFUTA WAKILI

Kwanza, hakikisha ni wakili kweli. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kina orodha kwenye tovuti yake ambapo unaweza kutafuta jina na kuona kama ana cheti cha mwaka huu. Karani, wakala au "mtu anayejua mahakama" si wakili.

Pili, kubalianeni kuhusu ada kwa maandishi, na udai stakabadhi ya kila malipo. Sheria ya Mawakili hairuhusu makubaliano ya kwamba wakili atalipwa kesi ikishinda tu, au kwamba ada yake itapanda na kushuka kulingana na ushindi. Anayekufuata wodini akikuahidi "tutagawana" anakuingiza katika mkataba usio halali.

Tatu, pesa za fidia yako si za wakili. Anatakiwa kuziweka katika akaunti ya wateja na kukupa hesabu. Akikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, au kwa Mahakama ya Nidhamu ya Mawakili.

Nne, ikiwa huna uwezo, uliza juu ya msaada. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili, na ajulishwe haki hiyo mara moja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza. Ulizia katika masjala ya mahakama iliyo karibu nawe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni nyumbani, shuleni au katika mkutano wa kikundi chenu. Majibu yote yamo katika somo hili.

1. Katika kesi ya ajali mahakamani, kwa nini aliyeumizwa hawezi kuiondoa kesi ya jinai peke yake?
2. Mshtakiwa amekiri kosa mbele ya hakimu. Anaweza kupinga nini katika rufaa?
3. Kuna tofauti gani kati ya askari aliyechelewa kurudi na askari aliyetoroka?
4. Mama amegongwa na gari la Serikali lililokuwa kazini Machi mwaka huu. Mwisho wa kufungua kesi ni lini?
5. Kijana wa bodaboda ana risiti za hospitali lakini hana ya pikipiki. Ni hasara gani itakayomsumbua kuthibitisha?

Tukirudi kwa kijana wetu: mguu utapona baada ya miezi kadhaa, lakini tarehe ya ajali haisogei. Aiandike ukutani, aweke karatasi zake pamoja, na amwone wakili wakati siku bado zipo.